Fedha za Mobutu na Miaka Kumi na Miwili ya Kungoja

Wengi wenu mlizaliwa baada ya Mobutu kufa. Mmesikia kwamba mali ya nchi ilipelekwa Ulaya. Jinsi sehemu yake ilivyokamatwa huko, kisha ikatuponyoka, si wengi wanaowasimulia.

Mwezi wa Mei 1997, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipokuwa yakiingia Kinshasa, Uswisi ilizuia mali ya Mobutu iliyokuwa nchini humo, pamoja na jumba lake la Savigny, karibu na Lausanne. Jumba liliuzwa baadaye, na jumla ya fedha zilizozuiliwa ikafikia faranga za Uswisi milioni 7.7. Transparency International ilikadiria mwaka 2004 kwamba aliiba takribani dola bilioni 5. Hizo milioni 7.7 zilikuwa tone tu, lakini tone lililokwisha kukamatwa.

Kuzuia mali si kuitwaa. Ili zirudi, Kinshasa ilipaswa kufungua kesi ya jinai, kuonyesha chimbuko la fedha na kujibu maswali ya Uswisi. Mobutu alifariki Rabat, Septemba 1997. Mwaka uliofuata vita vikaanza upya. Majibu hayakuja. Desemba 2003 Uswisi ilifunga ombi la Kongo, lakini serikali yake ikaendelea kuzishikilia fedha kwa mamlaka yake yenyewe, ikiongeza muda tena na tena. Miaka ya vita naielewa. Miaka iliyofuata siielewi: serikali ya mpito ilikuwepo, uchaguzi wa 2006 ulifanyika, mahakimu walikuwepo. Mwaka 2009 profesa mmoja wa sheria kutoka Basel ndiye aliyejaribu kuwasukuma waendesha mashtaka wa Uswisi. Julai mwaka huo, mahakama ya Bellinzona ilikataa: muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha. Haikusema kwamba fedha zile zilikuwa halali. Zilirudishwa kwa warithi, wakati ambapo Nzanga, mwana wa Mobutu, alikuwa naibu waziri mkuu mjini Kinshasa.

Nigeria ilianza baadaye kuliko sisi. Sani Abacha alikufa 1998. Serikali iliyofuata ikafuatilia bila kuchoka, na Uswisi ikairudishia takribani dola milioni 700.

Katika miaka hiyo yote, hapa Kalemie kama kwingineko nchini, wazazi ndio waliokuwa wakilipa prime ya walimu wa shule za msingi, wengine kwa kuuza dagaa, hadi elimu ya bure ilipotangazwa mwaka 2019. Mwanafunzi asiyelipa alirudishwa nyumbani siku ileile. Yeye hakuongezewa muda.

Aibu ya 2009 iliwagusa Waswisi wenyewe. Tarehe 1 Februari 2011 ilianza kutumika kwao sheria mpya, iliyopewa jina la Duvalier wa Haiti, iliyoruhusu kutwaa mali ya namna hiyo hata pale mahakama za nchi iliyoibiwa ziliposhindwa kufanya kazi. Chini ya sheria hiyo, iliyotumika hadi 2016, mrithi hakuweza tena kujitetea kwa kusema kwamba muda wa kushtaki umepita.