Gulfstream: kutoka ndege ya rafadha hadi ndege ya marais

MWANZONI mwa miaka ya 2000, jina la Gulfstream lilivuma sana nchini Tanzania. Serikali ya awamu ya tatu, chini ya Rais Benjamin Mkapa, ilikuwa imeamua kununua ndege mpya ya rais aina ya Gulfstream G550, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban dola milioni 40 za Marekani. Waliopinga walihoji iwapo nchi maskini, iliyokuwa imetoka tu kusamehewa madeni, ilistahili kumiliki chombo cha namna hiyo. Waliounga mkono walisema kiongozi wa nchi anahitaji usafiri wa uhakika. Ndege iliwasili mwaka 2004, nao mjadala ukabaki midomoni mwa watu kwa miaka mingi. Ni vyema basi kuifahamu familia ya ndege hizi, chanzo chake na tofauti zilizopo baina ya aina moja na nyingine.

Chanzo chake

Gulfstream ilibuniwa na kampuni ya Grumman ya Marekani, ambayo ilijulikana zaidi kwa ndege za kivita za jeshi la majini, na ambayo baadaye iliunda chombo kilichowatua wanaanga mwezini. Ndege ya kwanza, Gulfstream I, iliruka Agosti 14, 1958. Haikuwa jeti, bali ilitumia injini mbili za rafadha aina ya Dart za Rolls-Royce. Ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya wakuu wa makampuni, wakati ambapo wengi wao walisafiri kwa ndege za kijeshi za zamani zilizofanyiwa ukarabati. Ndege takriban 200 za aina hiyo ziliundwa.

Jeti yenyewe, Gulfstream II, iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 2, 1966. Hapa ndipo umbo tunalolijua leo lilipozaliwa: injini mbili kwenye kiwiliwili karibu na mkia, mkia wenye umbo la herufi T, na madirisha makubwa ya duara dufu. Kazi ya kuziunda ilihamishiwa katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, ambako makao ya kampuni yapo hadi leo. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilizirekebisha baadhi ya ndege hizo ili marubani wa vyombo vya anga wajifunze namna ya kutua.

Mwaka 1978 Grumman iliuza kitengo hicho kwa kampuni iliyoongozwa na Allen Paulson. Chini yake ilitoka Gulfstream III, iliyoruka Desemba 2, 1979, ikiwa na ncha za mabawa zilizopindwa kwenda juu ili kupunguza ukinzani wa hewa na kuokoa mafuta. Ilifuatiwa na Gulfstream IV mwaka 1985, yenye injini za Tay zilizokuwa na kelele kidogo, na skrini badala ya saa nyingi za mishale katika chumba cha marubani. Mwaka 1987, na tena mwaka 1988, Paulson mwenyewe aliizunguka dunia kwa ndege hiyo na kuweka rekodi za mwendo.

Umiliki nao ulibadilika. Kampuni ya magari ya Chrysler iliinunua Gulfstream mwaka 1985, ikaiuza miaka michache baadaye, na tangu mwaka 1999 imekuwa mali ya General Dynamics.

Masafa marefu

Mabadiliko makubwa yalikuja na Gulfstream V, iliyoruka Novemba 28, 1995. Ikiwa na injini mpya za BR710, iliweza kusafiri takriban kilomita 12,000 bila kutua, ilhali Gulfstream IV ilifika takriban kilomita 7,800. G550, iliyopata ithibati mwaka 2003, ni mtoto wa Gulfstream V. Mlango wake ulisogezwa mbele ili kuongeza nafasi ya abiria, ikaongezwa dirisha moja kila upande, na masafa yakafika kilomita 12,500.

Ndege hiyo ilipendwa pia na majeshi. Israel, Italia na Singapore huitumia ikiwa imefungwa rada za kutambua ndege za adui mapema. Katika Afrika Mashariki, Uganda iliyokuwa na Gulfstream IV ilipokea G550 yake mwaka 2009. Uundaji wa aina hiyo ulikoma mwaka 2021.

Gharama ya damu

G650, iliyoruka Novemba 2009, ilikuwa na kiwiliwili kipana zaidi, na amri za rubani hufikishwa kwenye mabawa na mkia kwa ishara za umeme. Hata hivyo, Aprili 2, 2011, moja ya ndege za majaribio ilianguka huko Roswell, jimbo la New Mexico, na kuua watu wanne: marubani wawili na wahandisi wawili. Walikuwa wakijaribu kupaa huku injini moja ikipunguzwa nguvu. Wachunguzi walibaini kwamba kasi za kupaa zilizokadiriwa hazikuwa sahihi, na kwamba timu iliendelea kuzitafuta ingawa majaribio ya awali yalikwisha kuonyesha dalili za hatari. Ndege hiyo ilipata ithibati Septemba 2012.

Majina yanayochanganya

Msomaji anapaswa kuwa makini na tarakimu. Mwaka 2002 kampuni iliacha tarakimu za Kirumi, na Gulfstream IV iliyoboreshwa ikaitwa G400. Jina hilo hilo limepewa ndege mpya kabisa iliyotangazwa mwaka 2021. Vivyo hivyo, G500 ya zamani ilikuwa G550 iliyopunguzwa masafa, wakati G500 iliyopata ithibati mwaka 2018 ni ndege tofauti, yenye injini za Pratt & Whitney. Nazo G100, G150, G200 na G280 ni ndege ndogo zaidi zenye asili ya Israel, zilizoingia katika familia hii baada ya ununuzi wa mwaka 2001.

Warithi wa G650 ni G700, iliyopata ithibati mwaka 2024, na G800, iliyopata yake mwaka 2025 ikiwa na uwezo wa kuruka takriban kilomita 15,200 bila kutua.

Kwa hiyo ubora wa ndege hizi hauna ubishi mkubwa. Swali lililoulizwa na Watanzania enzi zile halikuhusu injini wala mabawa. Lilihusu nani analipa, na nini kinaachwa ili alipe. Swali hilo litaendelea kuulizwa kila serikali inapofikiria kuagiza ndege ya kiongozi wake.