Udhibiti Amilifu wa Kelele na Mitetemo Viwandani

Udhibiti amilifu wa kelele na mitetemo ni mbinu ya kuzima wimbi kwa kulitolea wimbi pinzani, lenye nguvu ileile lakini linalopanda pale lile la kwanza linaposhuka.

Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza ya wazo hili mwaka 1933, na Marekani ikampa yake mwaka 1936. Mchoro wake ulionyesha bomba: maikrofoni hunasa kelele inayokuja, spika iliyo mbele huijibu. Vifaa vya wakati ule havikuweza kazi hiyo. Feni hubadili mwendo, hewa hupata joto, na spika ikichelewa kidogo tu huongeza kelele badala ya kuipunguza. Mwaka 1960 Bernard Widrow na Ted Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha kanuni ya kukokotoa inayojirekebisha yenyewe kwa kupima kosa lililobaki. Vichakato vya kidijitali vya miaka ya 1980 viliipa kasi iliyohitajika.

Kinachoamua mafanikio ni urefu wa wimbi. Transfoma ya umeme wa hezi 50, kama wa Tanzania na Kenya, huvuma kwa hezi 100, na wimbi lake hufikia mita 3.4. Sauti ya hezi 5,000 ina wimbi la sentimita 7 hivi. Mahali pa wazi, eneo tulivu linalopatikana huwa na upana wa takribani sehemu ya kumi ya wimbi: kwa mvumo wa transfoma kichwa cha mtu huenea humo, kwa mlio mkali wa msumeno, hata sikio halienei. Kwa hiyo kuuza mfumo huu kama dawa ya kelele za karakana nzima ni kumdanganya mwenye kiwanda, na anayeumia ni mfanyakazi, maana uziwi wa kelele hauponi. Mahali pake hasa ni mabomba ya feni na kompresa, ambako mvumo mzito hupenya sufi na mbao kwa urahisi.

Kwa mitetemo, tatizo la zamani ni la kerezo. Kisu kikitetemeka huacha mikunjo juu ya chuma; mzunguko unaofuata hukutana na mikunjo hiyo, na mtetemo hujikuza. Mhandisi Mmarekani Frederick Taylor alilihesabu mwaka 1907 miongoni mwa matatizo magumu kabisa ya ukataji wa chuma. Leo kishikio cha kisu chaweza kuwekwa vipande vya piezo, vinavyotanuka na kusinyaa kwa umeme, ili kuupinga mtetemo ungali mchanga. Mashine zinazochapa saketi za kompyuta kwenye silikoni huhitaji zaidi: hufanya kazi kwa vipimo vya nanomita, hivyo huegemezwa juu ya vihimili amilifu vinavyofuta mitikisiko ya sakafu.