Toka Kabambare hata Kasongo: Kambi Ngapi?

Tukitwaa ramani na kupima toka Kabambare hata Kasongo, twapata kama kilometa 120 za mstari ulionyoka. Ndege ndogo iendayo kilometa 240 kwa saa ingezimaliza kwa nusu saa. Toka Kasongo hata Kindu ni kama kilometa 185. Ndege hiyo ingetaka dakika hamsini hivi. Babu zetu hawakuzijua hesabu hizo. Wao walihesabu kambi, yaani mahali watakapolala njiani.

Msomaji asidhani kwamba kambi ilikuwa kipimo cha ovyo. Mwaka 1876 Stanley alipita Kabambare, akakutana na Tippu Tip upande wa Kasongo. Wakapatana: Tippu Tip amsindikize kambi 60, kila kambi mwendo wa saa 4, kwa dola 5,000. Kilometa hazikutajwa, nani angezipima mwituni? Lakini msitu ulikuwa mzito, na ndui ikawaua watu wengi. Desemba ya mwaka ule ule Tippu Tip akarudi nyuma.

Kabla yao alikuja Livingstone. Yeye alikuwa Mprotestanti, wala si wa Kanisa letu, lakini subira yake twaiheshimu. Alifika Kabambare Septemba 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamlaza kibandani siku 80, asiweze kutoka. Aliandika kwamba katika nchi ya Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mwisho aliondoka tarehe 16 Februari 1871, akafika Nyangwe, penye mto Lualaba, mwishoni mwa Machi. Majuma sita karibu, kwa njia ambayo ndege leo haitumii hata saa moja!

Hao wawili walikwenda kwa hiari yao, tena habari zao zimeandikwa vitabuni. Wako wengine waliopita njia ile ile wamefungwa minyororo shingoni, na wapagazi waliochukua pembe za ndovu, toka Kasongo na Nyangwe hata Ujiji, tena Tabora, hata Bagamoyo pwani. Angani ni kama kilometa 1,370. Kwa miguu, pamoja na mizunguko ya njia, zilizidi sana. Safari ilikula miezi, na waliochoka waliachwa njiani. Huko Bagamoyo mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1868, wakawakomboa watoto watumwa. Watoto hao wangeulizwa umbali wa kwao, wangejibu nini? Hakuna aliyewaandikia mapatano ya kambi.

Kasongo ya Waarabu ilianguka mikononi mwa askari wa Dhanis mwezi wa Aprili 1893, na misafara ile ikakoma. Njia haikukoma. Nauli ya ndege si ya kila mtu, kwa hiyo wengi wetu twakwenda Kabambare kwa pikipiki, kwa baiskeli au kwa miguu. Na masika yakiharibu barabara, hata mwenye pikipiki hulala njiani.