Samaki wa Chini ya Tangi: Kutoka kwa Mshonaji wa Gauni la Harusi hadi Mito ya Uluguru



Biharusi wanaopanga nyumba siku hizi wanapenda kuweka tangi la samaki ukumbini. Wengine hupewa kama zawadi ya harusi. Taa inawaka, samaki wa rangi wanapita, mgeni akiingia anasema mashaallah. Wale wa rangi wakishachaguliwa hubaki swali moja: chini kwenye mchanga akae nani? Muuzaji atakwambia chukua kambare mmoja mdogo, huyo ndiye msafishaji, anakula uchafu, wala huna haja ya kumpa chakula.

Leo tunataka kulijibu swali hilo kwa historia, na tutafika mpaka Morogoro. Sababu ni mbili. Kwanza, wapo dada zetu wa Unguja na Pemba walioolewa huko, na maji wanayotia kwenye tangi si kama ya kwetu. Pili, mito ya milima ya Uluguru ina kambare wake wadogo wa kwenye mawe, na ukiwajua hao utaelewa kwa nini samaki wa chini hachaguliwi kwa maneno ya dukani. Huchaguliwa kwa maji uliyonayo na nafasi uliyonayo. Fundi hupima kabla ya kukata.

Mshonaji aliyeanzisha tangi la kioo

Jeanne Villepreux alizaliwa Ufaransa mwaka 1794, katika mji mdogo wa Juillac. Akiwa bado msichana alikwenda Paris akaingia kazini kwa fundi wa nguo. Mwaka 1816 alikuwa miongoni mwa waliotengeneza gauni la harusi la binti wa kifalme Maria Carolina, aliyeolewa na Duke wa Berry. Sisi tunaoshika sindano tunajua kazi ile inavyotaka jicho na subira. Mwaka 1818 Jeanne mwenyewe aliolewa na mfanyabiashara Mwingereza, James Power, wakaishi Messina, katika kisiwa cha Sicily.

Huko kisiwani alijifundisha mwenyewe habari za viumbe wa bahari. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wakibishana juu ya argonauta, mnyama wa jamii ya pweza ambaye jike lake hukaa ndani ya gamba jembamba jeupe. Je, gamba analitengeneza mwenyewe, au ameliiba kwa kiumbe mwingine? Mnyama aliyekufa juu ya meza hakuweza kuwajibu. Mwaka 1832 Jeanne alitumia matangi ya kioo yenye maji ya bahari, akawafuga wakiwa hai na kuwatazama siku kwa siku. Akaona kwamba jike hulijenga gamba lake mwenyewe, na likivunjika hulitia kiraka. Mwanasayansi Mwingereza Richard Owen alikuja kumtambua kuwa ndiye mwanzilishi wa tangi la viumbe wa majini. Alifariki mwaka 1871.

Baadaye jambo hili likawa fasheni. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium, na matangi yakaingia katika kumbi za Waingereza. Hapa ndipo pa kuangalia, dada zetu. Jeanne alitengeneza tangi ili mnyama aishi na aonekane anavyoishi. Fasheni ililigeuza kuwa pambo la ukumbi, na mnyama akawa wa kufuata pambo. Swali la "nani atanisafishia?" limetoka kwenye fasheni, halikutoka kwa yule mshonaji.

Kambare wa shingoni na wa kwenye nywele

Wanawake na kambare wadogo wamejuana tangu zamani zaidi ya hapo. Katika Misri ya kale, karibu miaka 1900 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), wasichana walivaa kidani cha umbo la samaki, mara nyingi kikining'inia kwenye suka la nywele. Kimoja cha dhahabu kilipatikana Haraga katika kaburi la mtoto, na leo kipo katika makumbusho ya taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Ukikitazama unamtambua samaki: ni ngogo, kambare mwenye miiba ya mapezi na sharubu. Ipo pia hadithi ya Misri ya kale, iliyoandikwa kwenye mafunjo yanayoitwa Westcar, ya msichana aliyekuwa akipiga makasia mbele ya mfalme Sneferu. Kidani chake cha samaki cha feruzi kikaanguka majini, naye akagoma kuendelea. Mfalme akataka kumpa kingine. Akasema anataka chake.

Inaelezwa kwamba vidani hivyo vilivaliwa kama kinga ya kuzama majini. Sisi tunajua kinga ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na tunayasoma haya kama historia tu. Lakini wasonara wale walikuwa na macho. Ngogo huyo wa mto Nile ana tabia ya kuogelea chali, tumbo juu, na wachoraji wa Misri walimchora hivyo hivyo. Mwaka 1832, mwaka uleule wa matangi ya Jeanne, Mjerumani Eduard Rüppell alimwandika kwa jina la kisayansi Synodontis batensoda. Aliyesoma Kiarabu madrasa atalitambua neno: batn ni tumbo, sauda ni jeusi. Samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe ili wasionekane na adui kutoka juu wala chini. Huyu anayeogelea chali amepewa kinyume chake. Subhanallah.

Maji ya Uluguru

Sasa tuvuke bahari. Morogoro mjini umekaa miguuni pa milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kina zaidi ya mita 2,600. Wenyeji wa milima hiyo ni Waluguru, watu wanaofuata ukoo wa upande wa mama. Huko ndiko unakotoka mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam, na huko ndiko yanakotoka maji ya mto Ngerengere yanayoingia bwawa la Mindu.

Mji wenyewe una historia ya mwanamke. Kisabengo, Mzigua, alijenga hapo mji wenye ukuta, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliukuta mji una milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za Kiarabu, akadhani imetengenezwa Unguja au pwani na kubebwa ubao mmoja mmoja. Aliporudi masika ya 1872, mto ulikuwa umekwisha chukua upande mzima wa ukuta na nyumba nyingi. Masika hiyohiyo, mwezi wa Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu yetu. Leo karafuu zinalimwa pia kwenye miteremko ya Uluguru, kwa hiyo biharusi wa kisiwani akifika huko hakosi harufu ya kwao.

Maji yanayoshuka kwa nguvu namna hiyo yana samaki wake. Mwaka 1889 Mjerumani Georg Pfeffer aliandika habari za kambare mdogo aliyekusanywa na Franz Stuhlmann huku bara, mkabala na Unguja. Leo anaitwa Amphilius uranoscopus, na makazi yake ni vijito vya milima ya mashariki ya Tanzania, ukanda wa Wami na Ruvu ukiwamo. Jina hilo la pili maana yake ni mtazama mbingu, kwa kuwa macho yake yako juu ya kichwa. Mwili wake ni bapa chini, mapezi yake mapana yanashika jiwe maji yasimchukue. Wapo na ndugu zake wa jamii ya Chiloglanis, ambao mdomo wenyewe umekuwa kama kikombe cha kunyonya jiwe.

Hawa wasitolewe mtoni kutiwa kwenye tangi la ukumbini. Wamezoea maji ya baridi yanayokwenda mbio na yenye hewa tele. Kwenye maji yaliyotulia, ya joto la mjini, watakufa. Hata huko kwao wana shida: udongo ukiporomoka kutoka mashambani hufunika mawe wanayoishi. Habari ya udongo wa Uluguru ni ya zamani. Wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 wakulima wa Matombo wakasimama kuyapinga.

Yupo pia kambare tunayemjua sote, wa mchuzi, Clarias gariepinus. Kituo cha serikali cha Kingolwira, nje kidogo ya Morogoro, kinajulikana kwa vifaranga vya perege na kambare wa mabwawa. Kifaranga chake ni kizuri na cha bei ndogo, na ndiyo maana watu hukitia kwenye tangi. Lakini huyu anaweza kupita urefu wa mita moja, na atawameza wenzake mmoja mmoja. Mahali pake ni bwawani, na baadaye sufuriani.

Basi achaguliwe nani?

Pima kwanza nafasi. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000 upate lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. La 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112.

Kisha pima maji. Paka sabuni mkononi. Maji laini, kama ya vijito vya Uluguru, hutoa povu upesi. Maji magumu, kama ya visima vyetu vya kwenye mawe ya matumbawe, hukawia kutoa povu na huacha ukoko mweupe kwenye birika. Maji ya bomba hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo usikisie.

Ukiwa na maji laini na tangi la lita 60 hadi 80, chagua Corydoras. Asili yao ni Amerika ya Kusini, na yule wa rangi ya shaba aliandikwa mwaka 1858 kutoka Trinidad, kisiwa kama chetu. Hawazidi sana sentimita 7, ni wapole, lakini hawaishi mmoja mmoja. Nunua 6 au zaidi. Watandikie mchanga laini, maana kokoto zenye ncha huwakata sharubu, na hizo ndizo wanazotafutia chakula.

Ukiwa na maji magumu na tangi la lita 100 na zaidi, mtazame Synodontis petricola, ngogo mdogo mwenye madoa kutoka ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina maji magumu, kwa hiyo maji ya kisiwani hayamsumbui. Mpe mapango ya mawe, wala usimchanganye na samaki wadogo sana, atawala. Na ukimtaka yule wa kuogelea chali, ndugu wa kidani cha Misri, yupo Synodontis nigriventris wa bonde la Kongo, asiyefika sentimita 10. Jina lake kwa Kilatini nalo ni tumbo jeusi.

Anayetaka samaki wa kula ukijani kwenye kioo amchukue Ancistrus mmoja, ambaye huishia sentimita 12 hadi 15, ampe na kipande cha gogo na tango. Asidanganywe na yule "pleko" mkubwa, Pterygoplichthys. Anauzwa akiwa na sentimita 5 na anaweza kufika 40. Wengi wakishindwa naye humwaga mtoni, na katika nchi nyingi amekuwa balaa la mito. Tunawaomba dada zetu wa Morogoro, samaki wa tangi asimwagwe Ngerengere wala Mindu.

Wote hao wanahitaji chakula chao kinachozama, hasa jioni taa zikizimwa. Hakuna kambare anayekula kinyesi cha wenzake. Uchafu unaondolewa na chujio na mkono wako: badilisha robo ya maji kila wiki, na tangi jipya liendeshe wiki 4 hadi 6 kabla ya kulijaza samaki.

Amana

Dini yetu haikukataza kufuga. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na ndege mdogo, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa upole juu yake, wanazuoni wamechukua hapo ruhusa ya kufuga kwa sharti la kumtunza mnyama. Na sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Samaki wa chini ya tangi yuko katika hali ya paka yule. Hawezi kutoka, hana sauti ya kulia, na kwa kuwa yuko chini nyuma ya jiwe, njaa yake haionekani. Ukiambiwa hahitaji kulishwa, ikumbuke hadithi hiyo kabla hujatoa pesa.

Biharusi, kama huna nafasi wala muda, kataa zawadi ya tangi kwa maneno mazuri, uombe mapazia. Na kama unavyo, anza na maji, umalizie na samaki. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu rehma na utulivu, kwenu na kwa kila kiumbe kilichomo ndani yake. Amin.