Mzio na Mwiko

Kabla ya kuingia kwenye vyeti vya hospitali, mzio lilikuwa neno la nyumbani. Lilitaja chakula ambacho mtu hakili kwa sababu kinamdhuru, au kwa sababu amekatazwa. Kwa maana hiyo ya pili lilikuwa jirani kabisa na mwiko. Kiswahili cha tiba kilipohitaji jina la kile ambacho mtaani tunakiita aleji, kililichukua neno hilohilo. Lilifaa, ila liliingia na jirani yake. Mpaka leo daktari akisema mtoto ana mzio, wapo ndugu wanaosikia mwiko, na swali lao la kwanza ni nani aliyeuvunja.

Niliona hayo nyumbani kwa dada yangu. Mtoto wake wa pili alikuwa na miezi saba alipovimba midomo na kutokwa vipele mwili mzima baada ya kunywa uji wa lishe. Unga wa uji huo ulikuwa na mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga, na maziwa yaliongezwa jikoni. Nani angejua kilichomdhuru ni kipi? Mama mkwe wake aliuliza kwa upole, “Mwanangu, ulikula nini ulipokuwa na mimba?” Upole haukuliondolea swali uzito wake. Wiki hiyohiyo mtoto mkubwa, mwenye miaka minne, alianza chekechea. Alirudi mchana akiwa na siagi ya karanga vidoleni na kwenda moja kwa moja kumshika mdogo wake mashavu. Kufikia Jumapili nyumba ilikuwa imepiga marufuku karanga, mayai, maziwa, soya na samaki, kwa wote.

Marufuku ya aina hiyo ina historia, na sehemu kubwa yake imeandikwa na madaktari wenyewe.

Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna. Yeye na mwenzake Béla Schick walikuwa wamechunguza watoto waliodungwa seramu iliyotokana na damu ya farasi, dawa ya kuwakinga na maradhi. Baadhi yao waliugua kwa sababu ya seramu yenyewe, na waliodungwa mara ya pili waliugua upesi zaidi. Pirquet aliona kwamba mwili unakumbuka, na kumbukumbu hiyo huweza kulinda au kudhuru. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, lenye maana ya “nyingine” na lenye maana ya “kazi”, ili kutaja mwili uliobadilika namna yake ya kujibu. Neno lake halikuwa na lawama ndani yake. Miaka minne kabla, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walikuwa wameonyesha kwa mbwa kwamba sumu kidogo ya kiumbe wa baharini, iliyovumiliwa mara ya kwanza, iliweza kuua ikirudiwa wiki kadhaa baadaye. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Mwaka 1921 swali likahamia kwenye chakula. Heinz Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa bila kuugua. Mwenzake Carl Prausnitz, ambaye hakuwa na tatizo hilo, alijidunga ngozini kiasi kidogo cha seramu ya Küstner, kisha siku iliyofuata akadunga dondoo ya samaki mahali palepale. Ngozi ikavimba. Basi kilichomkataa samaki kilikuwa kitu ndani ya damu, si deko wala ila ya ukoo. Kitu hicho kilitambuliwa katika miaka ya 1960: ni kingamwili inayoitwa IgE.

Sayansi ilikuwa imeufikia mwili wa mtu mmoja. Lakini ushauri kwa wazazi ulikwenda njia nyingine. Mwaka 2000, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto wa familia yenye historia ya mzio asipewe maziwa ya ng’ombe kabla ya mwaka mmoja, mayai kabla ya miaka miwili, wala karanga na samaki kabla ya mitatu. Uingereza ilikuwa imetoa ushauri wa kufanana na huo kuhusu karanga mwaka 1998. Kwa mantiki ya kawaida ulikuwa ushauri salama: kinachodhuru kiepukwe. Ila ulijengwa juu ya ushahidi haba, na mwaka 2008 chama hicho cha Marekani kiliurudisha nyuma.

Mwaka huohuo Gideon Lack na wenzake walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wale wa Israeli. Wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga karibu mara 10 zaidi, ingawa ndio waliokuwa wakiepushwa nazo. Watoto wa Israeli walizila mapema, ndani ya vitafunio laini vya mahindi. Watafiti hao wakafanya jaribio kwa watoto 640 wenye umri wa miezi 4 hadi 11, waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara na nusu wakaepushwa. Matokeo yalitoka mwaka 2015: kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili mwanzoni, waliokuwa na mzio wa karanga walipofika miaka mitano walikuwa asilimia 13.7 upande wa walioepushwa, na 1.9 upande wa waliokula. Watoto ambao kipimo kilionyesha dalili kubwa hawakuingizwa kabisa, kwa kuwa wao karanga ingeweza kuwadhuru.

Maelezo ya Lack ni kwamba chakula kinachopita kinywani mapema huufundisha mwili kukizoea, lakini kikipenya kwenye ngozi iliyochubuka huufundisha kukipiga vita. Niliposoma hapo nilivikumbuka vidole vya yule wa chekechea. Kumnyima mtoto chakula hakumaanishi kwamba hakijamfikia.

Mwiko ni wa watu wote na hauhitaji kupimwa. Mzio ni wa mtu mmoja na bila kupimwa haujulikani. Madaktari waliugeuza mzio wa wachache kuwa mwiko wa wengi, na huenda wengine walipata mzio kwa sababu hiyo. Kwa dada, hospitali ilifanya kazi ya kurudi nyuma: kipimo, kisha kurudisha chakula kimoja baada ya kingine mbele ya daktari. Maziwa, soya na samaki vilirudi mezani. Karanga na mayai vilibaki nje kwa mtoto huyo mmoja. Kaka yake hula mayai yake, kisha hunawa kwa sabuni kabla ya kumgusa mdogo wake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Pirquet huyohuyo alisimamia ulishaji wa watoto wenye njaa nchini Austria kwa msaada wa Marekani, na alibuni kipimo cha kukadiria chakula kinachomfaa kila mtoto. Aliyeupa jina mwili unaokataa chakula alikuwa pia mtu wa sufuria kubwa za watoto wengi, na hakuona kwamba moja linaifuta nyingine.

Hapo ndipo chekechea zetu zinaposimama. Tanzania iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi kwa sera ya mwaka 1995, na sera ya 2014 ikaifanya ya lazima. Uji wa shule ni baraka kwa watoto wengi, na haufai kuondolewa karanga shule nzima kwa hofu. Kinachotakiwa ni mwalimu anayeshika sufuria kujua kila mtoto asiyeuweza, anadhurika na nini, dalili zinaanzaje, na nani wa kupigiwa simu. Msichana wa dada yangu ataanza shule baada ya miaka miwili. Hayo manne yanaenea kwenye nusu karatasi ya daftari.