Siku Mbili za Mtihani na Vipindi Visivyohesabiwa: Hoja kutoka Bukoba na Muleba

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, inaelekeza elimu ya lazima ya miaka 10, na mtihani wa Darasa la Saba usiwe tena kizingiti cha kuingia sekondari. Wapo wanaoamini kwamba hatua hiyo itairudishia shule utulivu wake. Makala hii inapinga imani hiyo. Kinachovuruga ratiba Bukoba na Muleba ni utaratibu mzima unaozizunguka siku mbili za mtihani huo, Septemba, na utaratibu huo unaweza kuishi hata mtihani wenyewe ukifutwa.

Msimamizi wa mtihani ni mwalimu aliyetolewa shule nyingine. Shule yenye walimu wachache ikitoa wawili, madarasa ya chini huunganishwa au watoto hubaki nyumbani. Kwa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Ikuza, safari ya boti huongeza muda wa mwalimu kuwa nje ya kituo chake. Kabla ya hapo kuna mitihani ya utamilifu ya wilaya na mkoa, pamoja na makambi ya darasa la mtihani. Oktoba au Novemba hufuata upimaji wa Darasa la Nne. Sekondari, Kidato cha Pili na cha Nne hufanya mitihani Novemba, huku Kidato cha Kwanza na cha Tatu wakikosa vyumba na walimu.

Kwamba mtihani huelekeza ufundishaji, wataalamu wanakubaliana. Ubishi uko kwenye dai kwamba shinikizo la matokeo huwawajibisha walimu. Watetezi wake hutaja upangaji wa shule kwa ufaulu ulioanza 2013 chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Utafiti wa Cilliers, Mbiti na Zeitlin ulionyesha kweli kwamba shule za mkiani ziliongeza ufaulu. Lakini ulionyesha pia kwamba shule ziliwaengua baadhi ya wanafunzi wasifike mtihanini. Ufaulu wa namna hiyo hauwezi kuitwa uwajibikaji.

Ushahidi mzito zaidi ni saa za kufundisha. Utafiti wa Viashiria vya Utoaji Huduma wa 2014 ulikuta asilimia 14 ya walimu wa msingi hawapo shuleni, lakini asilimia 47 hawapo darasani. Karibu theluthi moja, basi, walikuwa shuleni bila kufundisha. Mwanafunzi alipata saa 2 na dakika 46 za kufundishwa, ilhali ratiba iliahidi saa 5 na dakika 54. Takwimu hizi ni za kitaifa, na hazikutenganisha sababu. Hata hivyo, kutunga, kusahihisha na kujumlisha alama za majaribio ni kazi zinazomweka mwalimu ofisini saa za vipindi. Ni vigumu kuziondoa katika maelezo ya pengo hilo.

Itasemwa kwamba mtihani ndio uliowafikisha watoto wa wakulima sekondari za Ihungo na Rugambwa. Ni kweli, na sidai kipimo cha kitaifa kiondolewe. Nadai gharama yake ihesabiwe. Halmashauri za Bukoba na Muleba ziweke ukomo wa mitihani ya utamilifu, zizuie makambi yanayokula vipindi vya madarasa mengine, na kila shule itoe taarifa ya vipindi vilivyopotea pamoja na ufaulu wake. Bila hesabu hiyo, kufuta mtihani wa Darasa la Saba kutahamishia usumbufu darasa jingine.