Galu Ilikuwa na Ramani Kabla ya Lami

Ukienda Kaya Kinondo, kaunti ya Kwale, leo, hutapitishwa ndani hivihivi. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, utavua kofia, na utaambiwa mapema: usichume jani, usiokote jiwe, usitoke hata na kijiti kilichojiangukia. Kaya yenyewe ni ndogo, kama hekta 30 tu. Ukishatoka na kushika njia ya Galu, hutembei sana kabla kuta hazijaanza: ukuta wa jumba, geti, ukuta wa jumba la pili, kibao cha kiwanja kinachouzwa. Hapo umepita katikati ya mipango miwili ya makazi iliyochorwa juu ya ardhi moja. Wa kwanza umedumu karne kadhaa. Wa pili una miaka mia na ushei tu, na tayari unahitaji matibabu.

Wageni wengi huambiwa Kinondo ni msitu wa mizimu, nao huridhika na hilo. Lakini neno lenyewe, kaya, ni maskani, mahali pa watu. Mapokeo ya Wamijikenda yanasema wahenga waliteremka kutoka Singwaya, kaskazini, wakifukuzwa na maadui, wakatafuta mahali pa kujificha. UNESCO inauweka mwanzo wa makaya katika karne ya 16. Nyumba zilijengwa kwenye uwanda uliofyekwa katikati, na msitu ukaachwa pande zote uwe boma. Njia za kuingilia zilikuwa chache, nyembamba, zenye malango. Fingo, hirizi ya kuilinda kaya, lilizikwa mahali palipojulikana na wachache. Makaburi yalikuwa na upande wake, na mashamba yalikaa nje ya miti.

Tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Aliyekata mti ovyo alikuwa ametoboa ukuta wa mji wake. Hakuhitajika askari wa misitu kumweleza, kwa sababu usalama wa watoto wake ulisimama kwenye mashina yale. Amri ya kutochuma jani, ambayo mgeni wa leo huisikia kama mwiko tu, ilikuwa kanuni ya ujenzi. Ndiyo maana iliishi hata baada ya hatari kupita. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama makaya na kujenga nje, karibu na mashamba na minazi yao. Waliobaki ndani ni waliozikwa. Wazee wakaendelea kwenda kuomba mvua na heri, na mpaka wa msitu ukabaki pale ulipokuwa.

Mpango wa pili ulianza na karatasi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hatimiliki kwa ukanda wa pwani, ikataka kila anayedai ardhi ajitokeze na kuthibitisha. Mdigo, mmoja wa Wamijikenda, ambaye haki yake ilikuwa mnazi alioupanda babu, kaburi, na ushahidi wa jirani, hakuwa na cha kuweka mezani. Ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa ya Serikali ya Kifalme. Maskwota wa pwani, wanaoishi juu ya ardhi ya wazazi wao bila hati, wametokana na mkondo huo, na uhuru wa 1963 haukuufuta.

Utalii ulipopanda kasi miaka ya 1970, Diani, kaskazini kidogo ya Galu, ilipata barabara ya lami sambamba na bahari, na viwanja vikapimwa ubavuni mwake: virefu, vyembamba, kila kimoja kikinyoosha shingo kuelekea maji. Kwa mwenye hoteli mchoro huo ulikuwa mzuri. Kwa mji ulikuwa jeraha refu. Msitu wa pwani uliosimama juu ya mwamba wa matumbawe ulikatwa vipande, na kila kipande kikawa bustani ya mtu. Njia za wavuvi kwenda madikoni zikageuka vichochoro kati ya kuta, nyingine zikazibwa kabisa. Kanuni za upimaji za 1994 zinataka ardhi ya serikali inayopakana na bahari, inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida iachiwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Ni kanuni njema, ila ilikuta sehemu kubwa ya ufuo huu imekwisha kugawiwa.

Wa kwanza kulipa walikuwa mbega. Mnyama huyu mweusi mwenye mabega meupe hula majani na huishi juu, hapendi kushuka chini. Lami ilipopita katikati ya miti yake alilazimika kushuka, na magari yakamgonga. Aliyekimbilia nyaya za umeme aliungua. Mwaka 1997 wakazi wa Diani waliunda shirika la kuwalinda mbega, na tangu hapo wametundika juu ya barabara madaraja mithili ya ngazi, kutoka mti hadi mti. Simama chini yake asubuhi utaona familia nzima ikivuka, mtoto mweupe kama pamba ameng'ang'ania kifua cha mama. Nawaheshimu mno waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo kila ngazi ni ushahidi kwamba aliyechora barabara hakuuliza nani anaishi pale.

Na aliyeuliza kwa kuchelewa pia alikwama. Katika miaka ya 1990 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale. Wavuvi waliikataa, wakihofia kunyang'anywa maeneo yao ya kuvulia, nayo ikabaki kwenye makaratasi kwa miaka mingi. Muongo huohuo hoteli ilijengwa kwenye kisiwa cha Chale, kusini ya Kinondo, penye kaya, licha ya malalamiko ya wazee.

Lililofaulu wakati huo lilipita njia nyingine. Wataalamu wa mimea walikuwa wamegundua kwamba vipande hivi vya msitu vina miti adimu isiyopatikana kwingi duniani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikakaa na wazee, na kuanzia 1992 makaya ya Kwale yakatangazwa katika gazeti la serikali kuwa kumbukumbu za taifa. Mpaka ulioandikwa ni ule ambao wazee walikuwa wakiulinda tayari. Kinondo ilifungua mlango kwa wageni mwaka 2001, kwa masharti ya wazee wenyewe, na mwaka 2008 ikaingia katika Urithi wa Dunia pamoja na makaya mengine ya Mijikenda.

Chini ya haya yote kuna maji. Udongo wa Galu ni tandiko jembamba juu ya matumbawe yaliyojaa vitundu. Mvua huzama humo na kukaa kama maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Kinachomwagwa shimoni nacho huzama humohumo. Miji jirani ya Ukunda na Diani imekua kwa miongo mingi ikitegemea vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi, kila kiwanja na lake, visima vikichimbwa jirani. Ukivuta sana, chumvi inapanda; ukiacha maji taka yavuje, jirani anayanywa. Ukuta wa kiwanja haufiki huko chini.

Kaunti ya Kwale ilihesabiwa watu 649,931 mwaka 2009 na 866,820 mwaka 2019. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha mtu kutoka Mombasa hadi kusini bila kusubiri feri ya Likoni, na bei za viwanja Galu zinalijua hilo. Ujenzi utakuja tu. Kinachoweza kubadilika ni kitu gani kinachorwa kwanza kwenye karatasi tupu. Rai yangu kwa maafisa wa mipango wa kaunti ni kwamba waanze na kaya na vipande vya msitu vinavyoweza bado kuunganishwa, wafuatishe maeneo ya maji, kisha njia za madiko. Barabara na viwanja vije baada ya hapo, vikae panapobaki.

Na kwako msomaji wa Galu, Kinondo na Ukunda: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakupa haki ya kuiona rasimu ya mpango wa eneo lako na kutoa maoni kabla haijapitishwa. Tangazo likitoka, usimwachie dalali akusomee. Nenda na wazee wa kaya, nenda na wavuvi, muifungue ile ramani mezani na muulize kisima chenu kiko wapi juu yake.